Giza la Pembe Moja

Pete ya duara ikila pembe za picha, inakula zote nne. Muulize mpiga picha yeyote. Ukifunga pete ndefu kupita kiasi mbele ya kamera ndogo, kingo zake zinaingia kwenye picha na kila kona inatoka na giza, bila upendeleo. Sasa picha ya kwanza aliyoipiga Kidevu kwa ile pete ilitoka na giza kwenye kona moja tu, ya chini kushoto. Kona tatu nyeupe pe, hiyo moja nyeusi ti.

Mtu mwenye akili zake angeifungua pete palepale akairudisha kwa fundi. Lakini siku hizo Kidevu akili hazikuwa zake, na kabla hujamlaumu, hebu nikusimulie alikotoka.

Kidevu si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mpiga picha za vitambulisho, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa studio: pazia la bluu ukutani, kigoda, na kioo cha wateja kujichania. Kutwa nzima ungemsikia, "Kidevu juu kidogo. Kidogo tu. Hapo hapo, usipumue!" Basi watoto wa mtaa wakamwita Kidevu, wakubwa nao wakafuata, na mwenyewe akaitika.

Taa alishika mkewe. Ilikuwa taa ya mti mrefu, na mama huyo alisimama nayo upande wa kushoto, hatua moja tu nje ya picha. Mume akisema "shavu", mwanga umeshafika shavuni. Akisema "paji", umeshapanda. Hakuna uso mtaani pale ambao hakuwahi kuumulika. Wa kwake sasa? Kila alipoambiwa akae kwenye kigoda, alicheka mpaka mwanya wake ukaonekana wote. "Nikikaa mimi, taa atashika nani? Tutapiga kesho, bwana." Simu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu, hazikujua picha. Kesho ikazaa kesho. Kinyozi hajinyoi, na mpiga picha yule hakuwa na picha ya mke wake.

Kisha ikaja homa, ile inayoanza kama mzaha. Mama wa watu alitoka nyumbani kwa miguu yake kwenda hospitali, akarudishwa amefunikwa. Siku ya mazishi waombolezaji wakauliza picha ya marehemu. Kidevu aliingia studio, akafungua makasha, akapekua nyuso za watu baki, akipekua na kutupa, akipekua na kutupa, mpaka dada wa marehemu akamkuta amekaa sakafuni katikati ya karatasi. Alilia pale kuliko alivyolia kaburini.

Kitu pekee kilichobaki ni kitambulisho cha kazi aliyoifanya marehemu enzi za usichana. Uso wenyewe mdogo kama ukucha wa kidole gumba, tena jasho na msuguano wa pochi vimeufuta nusu. Kidevu angeweza kuishi nacho hivyo hivyo, maana yeye alimjua mkewe kwa moyo. Tatizo lilikuwa mtoto.

Walikuwa na binti mmoja tu. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya. Kila jioni, baba akimfunika shuka, mtoto alikuja na hilo hilo.

"Baba, nikifumba macho Mama anakuja. Lakini siku hizi anakuja kidogo. Nikimsahau je?"

"Huwezi kumsahau mama yako."

"Mbona yule mwalimu wa chekechea nimemsahau?"

Baba alimsawazishia shuka. Alimwahidi picha kubwa ya mama yake, ya kutundika ukutani, aione kila akiamka. Akaamua kukipiga picha kile kitambulisho kwa karibu, akuze ule uso, ausafishe kwenye kompyuta, auchapishe.

Ila kamera yake kubwa ilikwisha kufa. Alibaki na ndogo ya dijitali, ya kuingia mfukoni, ile ambayo ukiiwasha lenzi inachomoza na ukiizima inajirudisha ndani kama kichwa cha kobe. Kamera hizo ukizisogeza karibu na kitu zinaona ukungu. Zinataka zivalishwe lenzi ya kukuza kwa mbele, na lenzi hiyo haishiki hewani. Inataka pete ya kuunganishia, ambayo mafundi huiita adapta. Lenzi ya kukuza Kidevu alikuwa nayo. Pete hakuwa nayo, akaenda kwa fundi kamera.

Fundi alikuwa na kibanda cha vioo, kimejaa kamera zilizofumuliwa matumbo. Aliipima ile kamera ndogo, akaiwasha, akaizima, akatandika kitambaa na kuweka pete mbili.

"Hii fupi," alisema. "Ukiwasha kamera, lenzi inachomoka, inajigonga kwenye kioo cha mbele, mota inalia ngrii, na kesho unaniletea maiti."

"Na hiyo nyingine?"

"Urefu wake ndio wenyewe kabisa. Ila mdomo mwembamba, lenzi yako haikai. Niachie mpaka wiki ijayo nikutafutie ringi ya kupanulia mdomo. Hiyo ndiyo yako, kaka. Subiri."

Kidevu alikuwa ameshachungulia kwenye boksi. "Na ile nyeusi kule chini?"

"Ile hapana. Ndefu mno, itakula pembe."

"Pembe nitazikata. Uso ninaoutaka uko katikati."

"Si hilo tu." Fundi akashusha sauti, na kibandani walikuwa wawili tu. "Ile haipoi. Shika uone."

Kidevu aliishika. Ilikuwa ya uvuguvugu, kama kikombe kilichomalizwa chai sasa hivi. "Imekaa juani hii."

"Jua lipi, ndani ya boksi? Mimi jioni naiweka ndani, asubuhi naikuta juu ya meza, mdomo umenielekea. Mwenye nayo aliiacha hapa akasema hataki chochote, anataka tu isilale kwake."

"Basi, na isilale kwako."

"Kaka, wiki moja tu nakuomba. Una haraka ya nini?"

Angemwambia nini? Kwamba nyumbani kuna mtoto anayemsahau mama yake kila siku kidogo? Mfa maji haachi kutapatapa. Akaing'ang'ania hiyo hiyo. Fundi hakuigusa kwa mkono. Alimsukumia kwa ncha ya bisibisi, na alipokwisha kuondoka alinawa.

Mchana ule ule Kidevu aliweka kitambulisho mezani karibu na dirisha, akavalisha pete, akavalisha lenzi. Vilikubali bila shida. Akapiga, akaifungua picha kwenye kompyuta. Uso wa mkewe ulikuwa mkubwa sasa, lakini haukuwa uso. Ulikuwa mikwaruzo na nukta nukta. Jicho moja halikuwepo kabisa. Jamani, aliegemea kiti akahisi amefiwa mara ya pili.

Hapo ndipo alipoona ile kona. Kwa mazoea ya kazi akapandisha mwanga wa sehemu ile, aone kuna nini. Giza halikuondoka, lilijipanga tu. Likawa na mabega. Likawa na kichwa. Alikuwa mtu amesimama, hana nguo, hana sura, giza tupu lenye umbo la mtu, na alisimama kushoto, hatua moja nje ya picha, pale pale pa kushikia taa.

Sasa sikiliza kosa alilolifanya, maana ni kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya. Sisi tungepiga kelele tukatoka mbio. Yeye alikuwa mtu ambaye maisha yake yote akimwona mtu amesimama pembeni ya picha, mdomo unajisemea wenyewe. Aliinua kamera, akaielekeza kule kushoto ambako hapakuwa na mtu, machozi yakimtoka, akasema, "Ni wewe? Sogea ndani kidogo."

Chumba kikanuka vumbi lililoungulia juu ya balbu. Taa ilikuwa imezimwa tangu msiba.

Chiriku alirudi kutoka shule akamkuta bado amesimama hivyo. "Baba, unampiga nani? Nipige mimi!" Akatupa mkoba, akapanda kigodani, akaendelea kusimulia habari za rafiki yake aliyemeza kifutio. Baba akapiga. Akatazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Ile kona sasa ilikuwa na mkono. Mkono wa kike umeshika kitana, na kwenye kidole cha shahada lipo lile baka la kuungua na balbu ambalo yeye mwenyewe alilipaka dawa.

"Tena, mwanangu. Kidevu juu."

Akapiga tena, na mkono ukapata gauni la maua madogo. Akapiga tena, likaja bega analolijua. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Hakutambua saa ngapi mtoto alinyamaza. Kisa cha kifutio hakikuisha. Chiriku alikaa kigodani ametulia tuli, ametazama mbele, kama mteja mtu mzima.

Jioni baba alichukua kitana amchane, kama mama yake alivyokuwa akimfanyia. Mtoto akajikunyata.

"Kwa nini unanishika nywele?"

"Si kila jioni mama yako alikuchana hapa hapa mlangoni?"

Chiriku alifikiri. Alifikiri kwa bidii, mpaka paji likakunjamana. "Alikuwa ananichana?" akauliza.

Kidevu aliona ni majonzi tu. Watoto husahau, alijiambia, ndiyo maana nahangaika. Kesho yake akampandisha kigodani tena, na kesho kutwa. Kila picha ilimleta yule wa pembeni ndani zaidi. Ikaja shingo. Likaja sikio lenye kipini kidogo. Likaja shavu, lakini kwa upande, uso umegeukia kule. "Geuka kidogo, mama," alibembeleza. "Kidogo tu nikuone." Na mtoto naye alizidi kupungua maneno. Ule wimbo wa kuchania nywele, aliokuwa akiuimba hata chooni, alipoulizwa aliinua mabega. Kwenye picha zenyewe alikuwa akififia, rangi imemtoka, kama nguo iliyoanikwa muda mrefu juani.

Nyumba nayo ikabadilika. Kidevu akiwa uani alisikia mguu wa taa ukiburutwa studio, krrr, ukielekea kushoto. Akienda, pako kimya. Kamera ikiwa imefungiwa kwenye droo alisikia lenzi ikichomoza, zzz, ikarudi, zzz, kama mtu anayepumua kwa mafua. Mchana mmoja mteja mgeni alikaa kigodani apigwe picha ya kitambulisho, na Kidevu alikuwa ameivua ile pete, kamera ilikuwa tupu. Alipomaliza mteja akashuka akijisugua shavu.

"Samahani, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Yule mama anayeshika taa, mkono wake wa baridi sana. Halafu nimemsalimia, hakuitikia."

"Mama yupi?"

Mteja alitazama kushoto, akamtazama Kidevu, akatazama tena kushoto. Aliondoka bila kungoja picha zake.

Utasema hapo sasa Kidevu alishtuka. Alishtuka, ndiyo, vinyweleo vilimsimama. Lakini ukweli ni kwamba alifurahi pia. Umewahi kupenda mtu aliyekufa? Hata kuogopwa na watu kwa ajili yake ni afadhali kuliko ile nyumba iliyokuwa kimya. Alibakiza uso tu. Picha moja, mbili, uso ungegeuka, naye angeutundika ukutani, na mtoto asingesahau tena.

Ndipo alipokuja dada wa marehemu, mama mkubwa wa Chiriku, mwanamke mnene, mcheshi, asiyebisha hodi. Alileta nguo za mtoto alizozipunguza.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Chiriku alisema bila kuinuka.

"Marahaba! Leo hunirukii? Hebu nikuone. Kila nikija umefanana zaidi na mama yako."

Mtoto akamtazama kwa adabu. "Mama yangu ni nani?"

Hakuuliza kwa utundu. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nguo zilimdondoka mama mkubwa mikononi.

Alimfuata shemeji yake studio, akamkuta amezipanga picha zote ukutani, kuanzia giza tupu mpaka lile shavu. "Njoo uone, shemeji," Kidevu alisema, macho yanawaka. "Anarudi. Bado uso."

Mama mkubwa alisogea. Alitazama moja hadi nyingine, taratibu, mkono mdomoni. "Gauni lake," alinong'ona. "Kipini chake. Shemeji, umetazama mkono wake mwingine uko wapi?"

Kidevu hakuwahi kuutazama. Alikuwa akitafuta uso. Katika kila picha ya mtoto mkono wa pili wa yule mtu ulikuwa juu ya utosi wa Chiriku, vidole vimeukamata, na toka picha hadi picha ulikuwa umezunguka kidogo, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa.

"Mdogo wangu hakumshika mtoto hivyo hata siku moja," alisema mama mkubwa. "Usimpige tena. Na mimi hiyo kamera usinielekezee. Nakwenda kumwita mtu."

Aliyemwita alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyeshona magodoro kwa kazi yake ya kila siku, uganga akiufanya pembeni, na watu walimwita Bi Sindano. Aliingia na pamba kwenye nywele, akanusa, akazitazama picha, akamfunua mtoto kope. Kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Ulimwambia nini?"

"Nani?"

"Usinichoshe. Hawa hawavuki kizingiti mpaka wakaribishwe. Ulisema nini?"

Kidevu akainamisha kichwa. "Nilisema... sogea ndani kidogo."

"Haya. Umesikia mwenyewe."

"Nilidhani ni mke wangu."

Ukali ukamtoka yule mama. "Wote wanadhani hivyo, mwanangu," alisema. "Kaa chini."

Akawaeleza kwa sauti ndogo, akitazama kushoto mara kwa mara. Yule si marehemu, ni jini, na jini huyo hana umbo lake. Ni fukara wa kila kitu, hana hata kivuli, anavaa vya watu. Mkono ule ameuvua kwenye kumbukumbu ya mtoto ya kuchanwa nywele. Shingo ameivua kwenye wimbo. Kila alichovaa, mtoto amevuliwa. Akikamilika uso atashuka kwenye picha akae humu ndani na sura ya marehemu, na mtoto atabaki gamba.

"Nitazifuta picha," Kidevu alisema. "Zote. Sasa hivi."

"Ukizifuta, alivyovichukua vinapotea nazo. Mtoto hatamkumbuka mama yake mpaka anaingia kaburini. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwa hiyo hakuna njia?"

Bi Sindano alitoa pamba kwenye nywele, akaiviringisha vidoleni. "Ipo, ila sipendi kuisema. Huyu ni mlafi. Mbwa aliyebana mfupa akiona nyama, hufungua mdomo, na mfupa unadondoka. Aonyeshwe kitu kikubwa kuliko cha mtoto. Mtu aliyemjua marehemu vizuri zaidi akae pale kigodani kwa hiari yake, apigwe kwa pete hiyo hiyo. Jini atakiachia cha mtoto apokee hicho. Akishapokea tu, navunja pete, anakwenda nacho."

"Kinakwenda chote?"

"Chote. Hutabakiwa na hata sauti yake."

Mama mkubwa aliinuka. "Nitakaa mimi. Ni mdogo wangu, nimemlea mgongoni."

"Wewe ulimjua akiwa mtoto," Kidevu alisema. "Mimi nilimjua akiwa mtu mzima. Halafu Chiriku atahitaji mtu wa kumsimulia." Alisema hivyo akiwa mkavu wa macho, na ndivyo ilivyokuwa vibaya zaidi. "Ila nipeni muda kidogo. Shemeji, kaa. Nikuambie usiyoyajua, uniwekee."

Akamwambia. Jinsi mkewe alivyokuwa akitia chumvi mara mbili kwa kusahau, kisha akamlaumu muuza chumvi. Jinsi alivyoogopa mijusi ila nyoka hapana. Kwamba aliposhika taa muda mrefu alivua kiatu kimoja. Kwamba usiku wa baridi alimbandika nyayo za barafu mgongoni kisha akacheka chini ya shuka.

"Hayo ya nyayo jamani sikuyahitaji," mama mkubwa alisema, akicheka huku kamasi zinamtoka.

"Yachukue tu. Nitamwachia nani?"

Chiriku alikuwa amekaa kizingitini, akiwatazama watu wazima wakilia bila kujua wanamlilia nani. Bi Sindano alichoma ubani, akashika nyundo. Mama mkubwa akapewa kamera, akaelekezwa pa kubonyeza, na ile pete ikamchoma mkono kwa joto. Kidevu akakaa kigodani. Miaka yote hiyo hakuwahi kukikalia, na alishangaa kuona kilivyo kigumu.

Ilikuwa mchana, jua limejaa mlangoni, lakini upande wa kushoto wa chumba mwanga ukaanza kwenda, na mguu wa taa ukaburutwa, krrr, ukaja mpaka karibu kabisa na bega lake, na ile harufu ya vumbi la balbu ikachanganyika na nyingine, ya mafuta ya nywele aliyoyajua, na pumzi ya baridi ikamgusa shingo, na sauti, Mungu wangu, sauti ile ile aliyoitafuta kwenye kila kona ya nyumba tangu arudi makaburini, ikasema kwa upole sikioni mwake:

"Ondoka hapo, bwana. Leo nimekubali. Nitakaa, unipige mimi."

Mama mkubwa naye aliisikia. Kidevu hakugeuka. Angegeuka angeuona uso, naye alijua akiuona tu hataweza. Machozi yalimfika kidevuni.

"Mke wangu hakupenda kukaa," alisema. "Bonyeza, shemeji."

"Siwezi..."

"Bonyeza!"

Akabonyeza. Kidevu alihisi vidole vinaingia utosini, taratibu, bila maumivu, na vikaanza kuzungusha, na zikatoka chumvi, wakatoka mijusi, kikatoka kiatu kimoja, ikatoka siku ya kwanza alipomwona amebeba mwavuli uliovunjika mbavu, ikatoka wodi na mkono uliokuwa ukipoa mkononi mwake, na yeye akikimbilia kimoja anakuta kingine kimekwenda, akaviacha vyote akang'ang'ania mwanya tu, ule mwanya katikati ya kicheko, akaubana kwa nguvu zake zote kama mtu anayebana mlango, mpaka akajikuta anabana kitu na hajui ni nini.

Kizingitini Chiriku alipiga kelele, "Mama!"

Bi Sindano aliipokonya kamera, akaing'oa pete, akaiweka sakafuni na kuishushia nyundo. Ililia kama lenzi iliyokwama. Akapiga tena na tena, mpaka ikawa vipande, na vipande vikapoa. Mwanga ukarudi kushoto. Palikuwa na taa tu, imesimama peke yake. Kwenye ukuta, karatasi zote zilikuwa nyeupe.

Mtoto aliingia mbio, akamrukia baba yake kwa kilio cha msiba, kilio chote alichokuwa amenyang'anywa. "Nimemwona! Alikuwa ananichana pale, akanivuta, nikasema aa, akanipuliza! Baba, alikuwa anaimba hivi!" Akauimba ule wimbo wote, akikosea pale pale alipokuwa akikosea zamani. Mama mkubwa akakaa chini.

Kidevu alimpakata binti yake, akamfuta pua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama mtu mwenye heshima anavyosikiliza habari za msiba wa jirani.

"Wimbo mzuri sana," alisema. "Alikuwa anaimba vizuri, mama yako."

Chiriku akamtazama baba yake machoni, jicho moja, kisha la pili. Walikuwa wamemweleza mlangoni, kwa maneno ya kitoto, baba atakachopoteza, lakini wakati ule hakujua wanasema habari za nani.

"Humkumbuki hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu." Alijaribu kutabasamu. Hakujua kwa nini kifua kinamuuma, wala kwa nini kola ya shati lake imelowa. Alisita, maana ni jambo la aibu mtu mzima kumuuliza mtoto. "Chiriku. Na mimi, nilikuwa nampenda?"

Mtoto alimshika mashavu kwa viganja vyake viwili. "Ulikuwa unamwita kutwa nzima, Baba," alisema. "Hata akiwa amesimama hapo hapo karibu yako."